Mita Mia Sita Zilizobaki

Nakumbuka Jumapili moja nilipoipita nyumba yangu mwenyewe nikikimbia, mke wangu akiwa ndani na mtoto mgonjwa, nikaendelea na safari. Hilo ndilo kosa langu. Nimelitaja mwanzoni usije ukanidhania mtu wa hekima. Nina miaka thelathini na miwili tu, mdogo wangu, lakini wewe ndiyo kwanza umeanza mbio ndefu, na naona jinsi unavyoanza.

Mbio nilijifundisha mwenyewe, kwa kusoma kwenye simu na kuwatazama wengine barabarani. Anayejifundisha hivyo hana wa kumwambia, leo lala. Nilichora jedwali kwenye daftari la shule, kila siku na kilomita zake, na kisanduku kimoja kikikosa alama nilikuwa sipati usingizi. Goti likiuma, nililifunga bandeji nikaenda. Jioni sikumbeba Brian, mwanangu wa miaka miwili. Nilisema miguu inapumzika. Mke wangu Atieno alimbeba, akapika, akafua nguo zangu za mazoezi, na kesho yake akaenda kazini kama mimi. Sikuyaona hayo. Nilichokiona ni marathoni iliyokuwa imebakiza wiki tatu, ambayo nilitaka kuimaliza chini ya saa tatu.

Jumamosi jioni Brian alishikwa na homa. Atieno akasema, "Kesho usiende, Baba Brian. Tumpeleke hospitali mapema."

"Nitatoka saa kumi na moja, saa mbili niko hapa. Tutaenda pamoja."

Akarudi kumkanda mtoto kwa kitambaa cha maji.

Simu niliiacha mezani kwa kuwa ilinilemea mfukoni. Nikatoka kwetu Migosi, nikapita Mamboleo, nikapanda kuelekea Kiboswa, nikageuza. Nilikimbia vizuri sana siku hiyo, na hilo linaniuma hadi leo. Nilipokaribia geti letu, saa ya mkononi ilisoma kilomita ishirini na tisa na mita mia nne. Daftari lilisema thelathini.

Mama Njeri, jirani yetu anayeuza viazi pale nje, alikuwa amesimama barabarani. Kila Jumapili alikuwa akinitania, "Baba Brian, nani anakukimbiza, polisi?" Siku hiyo pia akapaza sauti: "Baba Brian! Wewe Baba Brian, simama!" Nikacheka, nikampungia mkono, nikapita. Nikaenda hadi kanisani na kurudi. Dakika tatu hivi.

Niliporudi hakuwa na utani. "Mtoto ameshikwa na degedege! Mama yake ameondoka na boda sasa hivi, peke yake. Amekungoja tangu alfajiri, na mimi nimekuita, wewe!"

Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Alasiri mama mkwe wangu alifika kutoka Ahero. Kwetu, mkwe na mama mkwe hukaa mbalimbali kwa heshima. Hatukuwahi hata kukaa benchi moja. Siku ile alivuka ukumbi wote wa hospitali, akasimama mbele yangu, akanitazama machoni. Nilikuwa bado nimevaa viatu vya mbio.

"Sikupaswa kusema na wewe hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini binti yangu alikuona dirishani. Ameniambia, mama, alipunga mkono akapita. Sasa nijibu, Baba Brian. Huko ulikokwenda, umeleta nini?"

Niliinama, nikavua viatu. Yeye akarudi kukaa mbali.

Brian alikaa siku nne bila kufungua macho. Alipona, lakini sikio lake la kushoto halisikii. Nilimuuliza daktari kama ni kwa sababu tulichelewa. Akasema hakuna awezaye kujua. Mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kiwe kamili, na hilo sitalijua kamwe. Atieno hajawahi kulitaja. Afadhali angenitukana.

Mdogo wangu, kimbia, sikukatazi. Ila siku ya kupumzika iandike kwenye daftari kama kazi, na uitii. Mtoto akiugua, siku hiyo haina mazoezi. Anayeishi nawe akikwambia usiende, usimpangie saa ya kurudi, vua viatu. Beba simu hata ikikulemea. Na mtafute mtu mmoja mwenye ruhusa ya kukusimamisha, kwa maana wewe mwenyewe hutajisimamisha. Mungu akupe miguu yenye nguvu, akulindie walio ndani ya nyumba yako, na akujalie kusikia unapoitwa.

Mimi bado nakimbia, siku tatu kwa wiki. Jumapili nipo nyumbani. Nikitaka kumwita Brian, nazunguka kwanza upande wake wa kulia. Daftari langu limejaa namba zilizokatika, nane na nusu, kumi na moja na kitu, kwa sababu nikifika getini, nasimama.