Meno ya Mpiga Klarineti

Mimi ni mwalimu wa kwaya, na kazi ya mwalimu wa kwaya ni kuwarudisha watu kwenye sauti. Besi wakizama nawavuta juu, soprano wakikimbia nawashika. Kwa hiyo mpaka leo sijielewi ilikuwaje nikampenda mpigaji ambaye hakuweza kutulia kwenye wimbo hata ubeti mmoja ukaisha.

Alikuwa jirani yetu pale kijijini Daudi, mzee mrefu, Mbarabaigi wa tambarare za Hanang. Watu wa kwao hawana kawaida ya kupanda milimani kuja kulima vitunguu saumu, lakini huyu alikuwa ameoa kwetu, na alipostaafu kwenye bendi ya jeshi mkewe alisema joto la bondeni limemshinda. Wakajenga ng'ambo ya kijito. Alikuja na ng'ombe wachache na kisanduku cheusi, na ndani ya kisanduku kulikuwa na klarineti, ile filimbi ndefu nyeusi yenye vifuniko vingi vya chuma.

Kila Jumapili baada ya ibada alitoa kigoda, akakaa nyuma ya zizi, uso umeelekea ukuta, akapiga. Mimi nafundisha shule mjini Mbulu, na mwisho wa wiki nilikuwa narudi nyumbani kumwangalia mama, ambaye macho yake yalikuwa yameshafunga ukungu. Tulikaa barazani tukimenya viazi, tukasikiliza. Alianza na wimbo wa kanisani ambao hata mtoto anaujua. Aliupiga mara moja, polepole, kwa heshima zote. Halafu akaondoka. Alipanda, akateleza, akashuka kwa mbio, akasimama mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili anaposimama, na ulipokuwa umekata tamaa unamwona amerudi kwenye wimbo kana kwamba hakwenda popote.

"Amepotea," nilimwambia mama siku za mwanzo.

"Hajapotea," mama akasema. "Anazunguka ng'ombe. Wewe hujachunga, utajuaje?"

Nilijaribu kujua kwa njia yangu. Nilichukua karatasi nikaandika alichokuwa anapiga kwa solfa, do re mi, kama ninavyowaandikia wanakwaya. Sikufika mbali. Kati ya fa na so alikuwa na kituo chake ambacho hakina jina, na alipenda kukaa hapo. Sauti ilikuwa inaingia pale kwa kulegea, kama mtu anayekaa kitini mwisho wa siku ya kuvuna. Nikifika hapo kalamu inaganda. Mara nyingine machozi yalinitoka na sikujua nalilia nini, nikakasirika. Mtu wa miaka yangu, mwenye cheti cha muziki, analizwa na filimbi ya nyuma ya zizi!

Siku moja nilivuka kijito nikamuuliza. Kuuliza si ujinga. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikasema, "Baba, huu muziki unaitwaje?"

"Jazi."

Nikacheka. Kwetu jazi ni bendi ya dansi, magitaa na mashati ya kumeta. Akasema hapana, hii ni ile ya Wamarekani weusi, aliisikia kwenye santuri za mkuu wao wa bendi, akaishika kwa sikio. "Unaupiga wimbo mara moja ili watu waujue," alisema, "halafu unatoka. Lakini mlango unauacha wazi."

"Na ile sauti ya kuteleza?"

Alikuwa na tabia ya kufunika mdomo kwa mkono anapoongea, nami siku zote nilidhani ni ustaarabu wa jeshini. Akaondoa mkono. Meno mawili ya mbele ya chini hayakuwepo. Kwa watu wa kwao mtoto hung'olewa hayo meno, na zamani asiyeng'olewa alionekana ana mdomo wa punda. "Wenzangu hapa wana jino," alisema, akigusa mdomo wa chini. "Mimi nina nyama tupu. Mdomo unaingia kwenye pengo, hakuna cha kuuzuia. Mkuu wa bendi alitaka kunirudisha jikoni. Wenzangu waliniita Kibogoyo. Basi nikawa nafanya mazoezi nimeangalia ukuta, ili wasinione, na mdomo ukajifunza wenyewe."

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama, na mama hakushangaa hata kidogo. Alisema ndiyo maana anapiga kama mtu anayeongea na wewe peke yako.

Wiki iliyofuata mama aliomba nimvushe kijito. Alikaa kwenye kigoda cha mzee, akashika fimbo yake kwa mikono miwili. "Shemeji," alimwambia, maana mke wa mzee alikuwa wa ukoo wetu, "siku yangu ikifika, unipigie kaburini. Lakini unipigie ile ya kuzunguka. Usinipigie ya kunyooka, hiyo kwaya ya huyu wataimba."

"Nitakupigia," mzee akasema.

Mama akarudi amefurahi kama mtu aliyeoza binti. Mimi sikufurahi, ila nililiweka moyoni, kwa sababu mama hakuwahi kuniomba chochote kwa ajili yake mwenyewe, na hicho kimoja alichokitaka nilitaka akipate.

Binti ya mzee ni muuguzi Arusha. Alikuja likizo akamchukua baba yake, na mzee aliporudi alikuwa na meno. Meno ya bandia, mawili ya chini, meupe kuliko mengine yote, yameshikwa na kiwaya. Nilimkuta sokoni Mbulu ameshika hindi la kuchoma. "Mwalimu, tazama!" akaniita kutoka mbali, akalitafuna mbele yangu mpaka gunzi. Alikuwa anacheka. Nilikuwa nimemfahamu mzee huyu miaka mingi na ilikuwa mara ya kwanza kuona ndani ya mdomo wake kwa hiari yake. Alipiga picha na mkewe, mdomo wazi. Alikula nyama ya mfupa. Ndugu zake wa Hanang walipokuja kumtembelea na mashuka yao walimcheka mpaka wakakaa chini. "Mzee mzima umeota meno ya utoto!" Naye alicheka kuliko wao.

Jumapili akatoa kigoda. Safari hii alikigeuza, akakaa ameelekea barabarani.

Akapiga wimbo ule ule. Ulikuwa safi. Kila sauti ilikaa mahali pake, fa ikawa fa, so ikawa so. Alipoondoka aliondoka kwa hatua za askari, na kile kituo kisicho na jina alikiruka kama tuta. Watu waliokuwa wanapita walisimama wakampigia makofi. "Sasa anapiga vizuri," shangazi yangu mmoja akasema, "sasa hata wimbo unaujua." Nami ndiye ninayelipwa soda na kanisa ili watu wakae kwenye sauti. Nilipaswa kushangilia. Badala yake nilihisi kama nimeibiwa, na nikawa sijui niende kushtaki wapi, maana aliyeibiwa ni mimi na aliyepata ni mzee, na alichopata ni haki yake.

Halafu nikaanza kujishuku. Pengine hapakuwa na kitu tangu mwanzo. Pengine ni masikio yangu tu, na huzuni za mtu anayerudi nyumbani kila wiki kumkuta mama amepungua. Nikamgeukia mama.

"Nani anapiga?" akaniuliza.

"Ni yeye, mama."

"Siyo yeye."

Basi sikuwa na wazimu. Nikamwambia habari ya meno, na kwamba yanatoka, daktari amesema ayatoe ayaoshe kila siku. Nikasema nitavuka nikamwombe awe anayatoa akitaka kupiga.

"Usimwambie," mama akasema.

"Na ahadi yako?"

"Ahadi ni yake. Wewe mwache ale nyama."

Nilikaa na jambo hilo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu. Mama anataka ile ya kuzunguka, mama anakataza nisimwambie. Niheshimu neno lipi? Mara kadhaa nilivuka kijito nimeshapanga maneno, na kila mara mzee alinipokea kwa kicheko, meno yote nje, nikampa shikamoo, nikauliza hali ya vitunguu, nikarudi.

Mama alifariki msimu wa kupanda, asubuhi, uji wake ukiwa bado wa moto. Tulimzika nyumbani Daudi, upande wa juu wa shamba. Watu walijaa mpaka kwenye shamba la jirani. Kwaya yangu ilikuwepo, shangazi zangu walikuwepo, na ndugu za mzee walikuwa wamepanda kutoka Hanang, wamesimama na fimbo zao nyuma ya wengine. Tulipomaliza kuweka maua mchungaji akasema, kuna mzee ambaye marehemu alimwomba ampigie.

Mzee akaja na koti lake la jeshini. Alisimama kando yangu pale kwenye udongo mbichi, akaunganisha vipande vya klarineti, na kabla hajaipeleka mdomoni akainama.

"Mwalimu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "nitoe?"

Kumbe alijua. Miezi yote ile ya makofi ya barabarani, ya shangazi kusema sasa unapiga vizuri, alijua alichopoteza, na alikuwa ameamua. Nami nilikuwa nimejiona ndiye mtunza siri! Nilitazama kaburi la mama, nikatazama watu wote wale, nikaona atakavyoingiza vidole mdomoni mbele yao. Nilitaka sana kusema toa.

"Baki nayo, baba," nikasema.

Akaanza. Ulinyooka. Ulikuwa mzuri, watu wakaanza kulia, na kila sauti iliyotoka ilizidi kunihakikishia kwamba mama hapati alichoomba. Katikati ya ubeti mzee akanyamaza.

Kwetu mtu haachwi akakwama mbele za watu. Mhubiri akisahau neno, au mtoa salamu akabanwa na kilio, mwanamke mmoja huanzisha pambio papo hapo na wengine wote wakadaka, ili yule aliyekwama apate kificho mpaka ajikusanye. Hatufundishwi, ni huruma tu, na hufanyika haraka kuliko kufikiri. Shangazi yangu yule yule akalianzisha. Wanawake wakadaka, kwaya yangu ikadaka, wanaume wakaongeza besi, na mlima mzima ukawa unamwimbia mzee aliyesahau wimbo.

Mzee hakuwa amesahau. Alinigeukia, akawapa watu mgongo, akafunika mdomo. Halafu akaniwekea leso mkononi. Ilikuwa na maji maji, na ilikuwa na joto. Nikaifumba kwa mikono yote miwili.

Akapiga. Niliona mashavu yakiingia, niliona mdomo wa chini ukizama kwenye pengo, niliona vidole vikikimbia kama vilivyokuwa vinakimbia nyuma ya zizi. Alikuwa anazunguka. Lakini sikumsikia. Watu walikuwa wanaimba kwa nguvu zao zote, kwa upendo wote, na klarineti moja ni nini mbele ya watu wa Daudi walioamua kumwokoa mtu?

Mimi ndiye niliyeweza kuwanyamazisha. Kwaya yangu nikiinua mkono inakata hapo hapo, na kwaya ikikata wengine hufuata. Mikono yangu ilikuwa na meno ya mzee. Hata kama ningeuachilia mmoja, kimya kingeingia, na macho yote pale yangeenda mdomoni kwake. Nikasimama hivyo hivyo. Nilitega sikio mpaka likauma. Mara moja nikadhani nimeisikia, ile sauti ya kukaa kati ya fa na so, lakini inawezekana alikuwa shangazi, ambaye hajawahi kuingia kwenye sauti tangu azaliwe.

Alipomaliza alinyoosha mkono nikamrudishia leso. Akageukia migomba, na alipogeuka tena alikuwa na meno yake. Pambio likaisha. Mchungaji akasema Mungu amtie mzee wetu nguvu, msiba ni mzito, na watu wakaitikia amina.

Tulipokuwa tunateremka kwenda kunawa mikono akanisogelea.

"Amesikia?" akaniuliza.

"Amesikia, baba."

Tukaenda hatua kidogo. "Na wewe?"

Nikamwambia nimesikia yote. Akatabasamu, mdomo wazi, mbele za watu wote, nami nikashindwa kujua ni kwa sababu aliniamini au kwa sababu alijua nadanganya.