Redio Iliyopakwa Samli

Nina redio tisa za jeshi nyumbani kwangu Nangwa, na hakuna hata moja niliyoiiba, ingawa majirani wangependa iwe hivyo kwa sababu hadithi ingenoga zaidi. Zote zilikwisha kazi kabla hazijanifikia. Moja niliitoa kwenye banda la kuku. Nyingine fundi cherehani alikuwa ameigeuza kiti. Nilifundisha fizikia sekondari miaka mingi, nikastaafu, na badala ya kufuga kuku wa kisasa kama wastaafu wenzangu nikaanza kufuga vyuma. Mume wangu anakiita chumba changu kambi. Akitaka kuingia anasimama mlangoni na kutaja neno la siri la siku hiyo, ambalo anajitungia mwenyewe.

Sizungumzi na mtu kwa redio hizo. Kurusha sauti kunataka kibali, na mimi sina la kumwambia mtu wa mbali. Nasikiliza tu. Furaha yangu ni pale kitu kilichonyamaza miaka mingi kinapokohoa, kikakwaruza, kisha mtu asiyejua kabisa kwamba nipo akaanza kusoma habari ndani ya chumba changu. Pombe sijawahi kuonja, lakini nadhani walevi nawaelewa.

Katika vitu vyangu vyote kimoja kilikuwa kinaniuma. Ni sanduku la umeme, zito, la kijani, lenye kazi moja tu: kuchukua umeme wa betri ya gari na kuupandisha mpaka redio yake iweze kuamka. Nililipata Haydom, dukani, ambako magunia ya chumvi yalipangwa juu yake yasilowe. Nikalitengeneza, likapona. Redio yake sikuwa nayo. Kwa miaka sita nilikuwa naiulizia kila mahali, mpaka watu wakawa wananijibu hapana kabla sijafungua mdomo.

Siku moja ya mnada pale Katesh, mwanamume wa makamo, mfugaji wa Gehandu, akanisimamisha kati ya mbuzi na mitumba.

"Shikamoo mwalimu. Wewe ndiye mwalimu wa redio?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

Akatoa simu, akanionyesha picha. Niliishika ile simu kwa mikono miwili. Ilikuwa ndiyo redio yenyewe.

"Ni ya marehemu baba," akasema. "Mimi nilitaka kuwapa wale wa vyuma chakavu. Mama amekataa. Anataka isikike kwanza."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Baba yake alikuwa askari wa mawasiliano. Baada ya kutoka jeshini aliikuta redio ya aina aliyokuwa akiitumia ikiuzwa mnadani pamoja na vifaa vingine vilivyochakaa, akaitamani. Kuipata, ilibidi auze mtamba, na mtamba huyo hakuwa wake. Alikuwa wa mkewe, katika ng'ombe aliopewa siku ya arusi yake, na kwa wafugaji wa kule tambarare ng'ombe hao mume hawagusi bila kuomba. Aliomba, mkewe akakubali. Redio ikaja nyumbani bila sanduku lake la umeme, na tangu siku hiyo haikutoa hata mlio mmoja. Majirani wakawa na la kusema: mwanamke yule ametoa mtamba mwenye mimba, amepewa bati. Mume alizeeka, akafa, na kicheko kikabaki kwa mjane.

Nilikwenda Gehandu siku iliyofuata. Nilimkuta mama huyo akisafisha vibuyu vya maziwa, mrefu, mkavu, vikuku vya shaba vimejaa mkononi. Nikampa shikamoo yake, akaitikia bila kuniangalia sana. Anaongea Kibarabaig, nami ni mtu wa milimani, sikijui, kwa hiyo kijana wake akawa mkalimani. Namwita kijana, ingawa ana mvi.

"Mama anasema uichukue," akaniambia. "Ikisema, inarudi hapa, na inarudi ikiwa inasema. Isiposema, kaa nayo, hatutaki kuiona tena."

Hesabu hiyo niliipiga haraka. Kurudi ikiwa inasema maana yake inarudi pamoja na sanduku langu, kwa sababu bila hilo haisemi. Nikishindwa, nimepata redio niliyoitafuta miaka sita. Nikishinda, nimepoteza redio na sanduku. Nilikubali papo hapo, na nikisema kwamba moyo wangu ulikuwa safi nitakuwa mwongo.

Nilipoifungua nyumbani nilipiga kelele hata mume wangu akaingia bila neno la siri. Ndani ilikuwa imejaa samli. Kule tambarare ngozi inapakwa samli isipasuke, na kitu cha heshima kinapakwa kiheshimike. Mama yule, akiwa hana tena mtamba, aliitunza redio kama anavyojua kutunza. Kila masika yakiisha aliipaka nje na ndani, akachomoa hata valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka moto ndani, akazipaka moja moja na kuzirudisha. Samli ilikuwa imegeuka gundi ya kahawia. Vumbi lilinasa humo, na panya, kwa utamu wake, walikuwa wametafuna nyaya.

Nilimsema mama wa watu kwa wiki nzima, kwa sauti, peke yangu. Kisha nikafuta pembe moja kwa spiriti, na chini yake chuma kikang'aa. Redio zangu zote tisa zimeliwa na kutu, nyingine hadi unaona upande wa pili. Hii haikuwa na doa. Nikaacha kumsema.

Nilibadilisha nyaya, nikasafisha kila kiungo kwa mswaki wa meno. Ilipofika zamu ya valvu nilikuwa na furaha zangu. Zilikuwa saba. Nikazichomoa zote, nikazifuta moja baada ya nyingine kwa kitambaa laini, nikiimba, kisha nikainua ya saba dirishani nisome namba yake. Hakukuwa na namba. Nikainua ya sita. Hakukuwa na namba. Rangi ya zile namba ililainika kwa samli ya miaka yote hiyo, na kitambaa changu kikaizoa. Kila valvu ina kiti chake, na ukikosea unaweza kuiunguza, na valvu kama hizo siku hizi huzipati hata ukilia. Nami sasa nilikuwa na chupa saba safi zinazofanana kama mayai. Hili nimelifanya mimi, niliyewakata wanafunzi maksi kwa kufungua kifaa kabla ya kuweka alama.

Siku mbili nilikuwa na hasira na kila aliyepita. Ya tatu nikazipanga valvu kwenye trei ya mayai, nikaizungushia khanga, nikapanda bodaboda hadi Gehandu, nikimtukana dereva kwa kila shimo.

Mama aliipokea trei akaiweka mapajani. Juu ya kila valvu, kwa ndani ya kioo, kuna baka jeusi linalong'aa. Kwangu mimi ni baka tu. Yeye aliinua ya kwanza, akaigeuza kwenye jua, akasema jambo.

"Huyu mwenye paji jeusi lote anakaa mlangoni, pale waya unapoingia," kijana akatafsiri. "Huyu ambaye baka linamshukia jichoni, anamfuata. Huyu amelala upande, anakaa kwenye kona."

Alizimaliza saba bila kurudia hata moja. Ni mtu anayemjua kila ng'ombe wake kwa paji la uso, na hizi alikuwa amezishika kwa mikono yake kila mwaka tangu akiwa mama kijana. Mimi nilikuwa nabandika plasta na kuandika, mwanafunzi mzuri. Mwisho nikamwambia kijana amuulize kama ana hakika.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "hilo siwezi kumuuliza."

Jumapili, mume wangu akiwa kanisani, nikaunganisha redio na sanduku langu, na sanduku na betri. Valvu zikaanza kuwaka taratibu, rangi ya kaa la moto. Kimya. Kisha mkwaruzo. Kisha, nilipozungusha kitasa cha kutafutia stesheni kwa kidole kimoja, sauti ya mwanamume ikaingia, pana, nzito, akisoma habari kwa lugha nisiyoijua. Nilicheza. Nina miaka sitini na saba na goti bovu, na nilicheza chumba kizima. Hakuna mtu duniani aliyekuwa na furaha kama yangu saa ile.

Jumatatu kijana akapiga simu kuuliza imefikia wapi.

"Bado," nikasema.

Jumatano akapiga tena. Bado. Redio ilikuwa rafuni pangu, ubavuni pa sanduku lake, na zilivyopendezana utadhani hazijawahi kuachana. Nikajiambia mama mwenyewe alisema hataki kuiona tena. Nilijua alisema hivyo kwa sharti gani. Alhamisi nilikuwa naisikiliza, na nikajikuta nimepunguza sauti kwa sababu jirani alikuwa anapita uani. Mimi, ambaye huwaita watu kutoka njiani waje wasikie redio ikikohoa tu! Nilijionea aibu. Nikaizima, nikampigia kijana kwamba kesho naileta, nikaenda kutafuta boksi kubwa na magunia ya kufungia.

Ijumaa nilifika Gehandu ng'ombe wakiwa bado machungani. Majirani walikuwa wamekuja wengi, pamoja na wale wa kicheko, maana habari kule hazihitaji redio. Betri ya sola ya kijana ilikuwa na nguvu ya kutosha. Tukafunga waya wa antena juu ya mgunga. Valvu zilipokolea moto nilimshika mama mkono, nikauweka kwenye kitasa, nikarudi nyuma.

Alizungusha kama anayekamua, bila haraka. Miluzi ikapita, mikwaruzo ikapita. Kisha mwanamke akaanza kuimba ndani ya spika, sauti ikajaa boma lote, hata ndama wakainua vichwa. Mzee mmoja akavua kofia. Mama hakutabasamu. Aliwageukia majirani, akawaambia maneno machache.

"Anasema wakae chini," kijana akanong'ona. "Anasema huyu ndiye mtamba wake."

Wakakaa. Watu wazima, wazee wenye fimbo zao, wakakaa chini mmoja mmoja mbele ya redio, na mama akabaki amesimama, mkono juu yake. Nimeona wanafunzi wangu wakifaulu, nimeona wakirudi wakiwa madaktari, lakini ushindi kama ule sijaona.

Wimbo ulipokwisha mama aliniita pembeni pamoja na mwanawe. Akauliza kitu kifupi.

"Anauliza ilianza kusema lini," kijana akasema.

Ningeweza kusema jana. "Jumapili," nikasema.

Kijana alinitazama, akakumbuka simu zake mbili, na akasita kutafsiri. Haikuwa lazima, neno Jumapili mama analijua. Alinitazama, akatazama redio na sanduku la kijani chini yake, akanitazama tena. Kisha akasema mwenyewe, kwa Kiswahili ambacho sikuwahi kumsikia nacho:

"Ingekuwa mimi, hairudi."