Daftari la Waliogusa Mradi

Kosa nililofanya mapema kabisa, kabla hata sijajua kuunganisha betri bila kuunguza kitu, ni kufungua daftari la kuandika nani amegusa mradi wetu wa shule. Nilikuwa darasa la saba. Juu ya jalada niliandika "Sayansi" kwa herufi kubwa ili asilifungue mtu, maana ni nani hufungua daftari la sayansi la mwenzake kwa hiari yake?

Wiki iliyopita nilienda Longonot kumsaidia nyanya kutoa vitu vyake chumbani kabla fundi hajaja kubadilisha mabati. Chini ya kitanda kulikuwa na katoni ya sabuni, na ndani yake, kati ya vyeti vyangu na sweta ya shule iliyoliwa na nondo, lilikuwamo daftari lile. Nyanya akauliza kama ni la kuwashia moto. Nikamwambia angoje kidogo. Nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikafungua ukurasa wa kwanza, na uso ukaniwaka moto kama mtoto aliyeitwa mbele ya gwaride. Nilikuwa nimeandika: "Jumanne, saa kumi na dakika tano. Mzee wa shamba. Amegusa misumari yote miwili. Aliangalia nyuma kabla ya kugusa."

Sijui kama kweli aliangalia nyuma. Nadhani niliongeza.

Acha nikurudishe huko kwanza. Vumbi la Longonot ni jepesi kama unga na rangi yake ni ya jivu. Upepo wa mchana ukishuka mlimani, liliingia kwenye uji, kwenye masikio, kwenye kurasa za vitabu. Treni ya mizigo ikipita, madirisha yote yalitetemeka na mwalimu akanyamaza mpaka behewa la mwisho. Maji yetu yalitoka kisimani na yalikuwa na chumvichumvi na floraidi nyingi. Ndiyo maana wengi wetu tuna meno yenye madoa ya kahawia hadi leo. Kufika saa nne harufu ya githeri, mahindi na maharagwe yetu ya mchana, ilikuwa imeshajaa madarasa yote, na hakuna hesabu iliyoingia kichwani baada ya hapo.

Mwalimu wa sayansi alikuwa kijana aliyetoka chuoni juzijuzi. Alikuja na laptopu yake mwenyewe na bodi moja ya saketi, ndogo karibu kama kibiriti, akatuambia kwamba ukiiandikia programu itafanya kile unachoiambia tu. Maneno hayo yaliniingia. Nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima. Watu walinichosha kwa sababu sikujua watafanya nini baadaye, na sasa nilikuwa nimeletewa kitu kisicho na siri. Vitabu havikuwapo, kwa hiyo nilijifundisha. Wakati wa mapumziko mwalimu aliniachia simu yake, nikatazama video bila sauti, nikanakili programu kwa penseli mstari kwa mstari, halafu jioni nikaipiga kwenye laptopu nione kama itakubali.

Tulikuwa watoto sita kwenye klabu ya sayansi, na mradi wetu ulikuwa kunywesha shamba la mboga za sukuma la shule. Tulichomeka misumari miwili udongoni na kuiunganisha na bodi kwa waya. Udongo ukiwa na maji, umeme hupita kwa urahisi kutoka msumari mmoja hadi mwingine; ukikauka, hupita kwa shida, na bodi ikiona nambari imeshuka inawasha pampu. Pampu tuliipata kwa fundi wa magari kule Naivasha, ile ndogo ya kurushia maji kioo cha mbele. Betri ilikuwa ya pikipiki. Maji yalitoka kwenye pipa la jikoni, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Mwalimu alisema kusoma udongo mara moja kwa saa kunatosha. Mimi niliona hiyo ni kazi ya watu wazembe. Niliandika programu isome kila sekunde, umeme ukiwa umewashwa kwenye misumari kutwa kucha.

Sasa, kazi ya kunywesha shamba hilo ilikuwa na mwenyewe. Tulimwita mzee wa shamba, ingawa nikifikiria leo hakuwa mzee sana. Familia yake iliishi Ndabibi, upande wa pili wa ziwa. Alienda huko Ijumaa jioni na kurudi Jumatatu asubuhi, na siku zingine alilala kwenye stoo ya shule. Mdomo wake haukupumzika.

"Niaje, injinia! Hiyo redio yako imeshika stesheni?"

"Si redio, mzee."

"Basi mbona ina waya? Ama unapigia sukuma simu?"

Mpishi, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni pa jikoni, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. "Iulize kama inataka maji ya moto ama baridi!"

Wenzangu walicheka pia. Mimi sikucheka. Nyumbani mwaka huo hatukuwa na habari nyingine ila za kazi. Mama alichambua maua ya waridi kwenye shamba moja la Naivasha, na kila Jumapili alikuja na majina ya waliorudishwa nyumbani, wale waliokuwa wakinyunyizia kwa mipira ya mkono, baada ya mabomba ya matone, yanayonywesha yenyewe, kuwekwa. Nilipomsimulia nyanya jinsi mzee wa shamba anavyotutania, aliacha kupukuchua mahindi.

"Huyo anawachekea tu," akasema. "Mtu ukimchukulia kazi atakuchekea mchana, halafu..."

Hakumaliza. Alirudi kwenye mahindi yake. Nilimalizia mwenyewe, nikiwa kitandani, kwa njia nyingi tofauti, na kesho yake nikanunua daftari.

Kutoka dirisha la darasa letu niliona shamba lote. Kila jioni alipomaliza kazi alifuta jembe kwa gunia, akafuta reki, akafuta panga, halafu akachuchumaa penye misumari yetu. Aliing'oa, akaisugua kwa gunia lilelile, akairudisha. Niliandika saa na dakika. Siku moja aliniona nikimchungulia, akaniita.

"Injinia, kuja uone. Huu mmoja unaliwa."

"Unaliwa na nini?"

"Sasa mimi nitajua? Si wewe ndio injinia. Lakini juzi ulikuwa mnene kuliko leo."

Sikuutazama. Nilitazama mikono yake. Nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba haruhusiwi kugusa. Akainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyeshikwa na polisi, akacheka, akaenda zake. Niliandika: "Anatafuta kisingizio," nikapiga mstari chini yake kwa rula, mara mbili. Siku zilizofuata hakugusa tena. Alifuta zana zake, akatupita, akafunga stoo. Hilo nalo niliandika: "Sasa anafanya kwa kujificha."

Jumatatu iliyofuata mpishi alifungua pipa akalikuta tupu. Pampu ilikuwa imevuta maji yote mwisho wa wiki, sukuma zilikuwa zimesimama kwenye matope, na bado nambari kwenye laptopu ilidai udongo umekauka. Umeme wa kisima ulikuwa umepotea tangu Jumapili, kwa hiyo hakukuwa na maji mengine. Githeri haikupikwa. Watoto wa darasa la kwanza walilia saa saba, si kwa kelele, kile kilio cha kulalia dawati.

Asubuhi ileile mwalimu mkuu, mama aliyetembea na funguo zote za shule mkononi, alikuwa amekuja shambani akatutazama sisi sita mmoja baada ya mwingine.

"Nani amefanya hii kitu?"

Maonyesho ya sayansi ya shule mjini Nakuru, tulikokuwa tuupeleke mradi, yalikuwa yamebaki siku kumi. Nilijua tukikosa jibu mradi utang'olewa siku hiyohiyo. Nikakimbia darasani, nikaleta daftari, nikasoma kwa sauti. Siku, saa, dakika. Mara kumi na moja amegusa.

Mzee wa shamba alikuwa amesimama kando, mfuko wake wa safari bado begani. "Aii, injinia," akasema. "Mimi nilikuwa nafuta tu."

"Unafuta nini?" mwalimu mkuu akauliza.

"Uchafu, madam."

"Na nani alikutuma?"

Hakuna aliyekuwa amemtuma. Kabla ya saa nane alikuwa ametoa blanketi lake stoo. Nilimwona akipita nje ya dirisha, gunia begani, na sitakuficha kitu, rafiki yangu: nilihisi vizuri. Nilihisi kama programu iliyokubali mara ya kwanza. Tena tuliichomeka misumari ileile mahali pengine na nambari ikapanda, jambo ambalo kwetu sote lilikuwa ushahidi tosha.

Siku ya tatu nambari ikaanza kushuka. Hakukuwa na mtu wa kuandika. Nilipiga magoti, nikang'oa msumari wa kwanza, ulikuwa mzima. Wa pili ulitoka mwembamba kama kijiti cha kuchokolea meno, umefunikwa ukoko wa kutu uliobonyea kama mkate. Nikaelewa yote kwa mara moja. Umeme usiokatika, ukipita kwenye maji ya chumvi, unakula chuma. Mimi ndiye niliyeuamuru usikatike. Ukoko ulipokuwa mnene umeme ulishindwa kupita, bodi ikadhani udongo umekauka, pampu ikavuta hadi tone la mwisho; tulipoichomeka misumari upya, udongo uliukwangua ukoko, ndiyo maana nambari ikapanda. Na mtu pekee aliyekuwa akiuondoa ukoko huo, kila jioni, kwa sababu tu hakupenda kuacha chuma na uchafu, nilikuwa nimemsomea hesabu ya makosa mbele ya shule.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa hatua chache kutoka pale. Sikwenda. Nilitia misumari mipya, nikabadilisha programu isome mara moja kwa saa kama mwalimu alivyosema mwanzoni, na ule mwembamba nikautupa chooni. Mwalimu alinisifu kwa kuutengeneza mradi. Nakuru tulikula chipsi na soda, tukaona watoto wengi kuliko nilivyowahi kuona, kila kundi na waya zake. Jaji mmoja, mama mpole mwenye miwani, aliniuliza tulipata changamoto gani.

"Kuna mtu alikuwa anaharibu mradi," nikasema, "lakini aliondolewa."

Akaandika. Tukapewa cheti.

Nilimwambia mwalimu ukweli siku ya kufunga shule. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akanishika bega tukaenda ofisini pamoja. Mwalimu mkuu alikuwa akitia sahihi ripoti. Alisema mtu mwingine ameshaajiriwa, mambo hayo yamepita, na mimi nirudi darasani nisome. Nilirudi darasani nikasoma. Hilo ndilo jambo ambalo hata sasa, nikifunga mitambo ya maji kwenye mashamba ya watu na kukagua kila waya mara tano, silielewi: kwamba nilikubali haraka hivyo.

Siku iliyofuata baada ya kulisoma daftari nilipanda gari nikaenda Ndabibi. Niliuliza dukani, nikaelekezwa kwenye shamba la kabichi. Hakunijua mpaka nilipotaja shule. Nikamweleza yote, hata la chooni, nikiwa nimesimama kati ya mistari ya kabichi kama mtu anayesoma ripoti. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Si ungeniuliza tu," akasema. "Nilikuwa hapo kila siku."

Nikamuuliza alifanya nini mwaka ule. Alisema binti yake mkubwa alikuwa aingie sekondari. Kwa kukosa karo binti akakaa nyumbani mwaka mzima, yeye na baba yake wakapalilia vitunguu vya watu pamoja, halafu akaingia na watoto wa kijiji aliowazidi umri. Alilisema kama anavyosimulia mtu habari za mvua. Nilipoinama kuangalia pampu ya tajiri wake, kwa mazoea tu ya kazi, alisogea akasimama kati yangu na pampu.

"Hiyo iko sawa, kijana."

Alinisindikiza hadi langoni, akalifunga kwa mnyororo, akabaki amesimama akinitazama mpaka nikafika barabarani. Nilikuwa nimetarajia anilaani au anisamehe, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

Nikirudi nilishuka shuleni. Palipokuwa shamba sasa pana chumba cha kompyuta chenye mlango wa chuma, na watoto hujifunza kwa vifaa vinavyokuja vimeshaunganishwa, visivyoshika kutu. Sukuma inaletwa na pikipiki. Kazi ya mtu wa shamba haipo tena, na aliyekuwa akiifanya hakuwahi kuitwa arudi.