Punje Chini ya Ulimi

Jirani yangu wa Ijuganyondo, Datius Kahigi, ana mkono mwepesi. Namfahamu tangu darasa la tatu, alipomvunja mwenzake pua kwa sababu ya peni, na tangu hapo sijaona mwaka ukipita bila ngumi yake kutua usoni mwa mtu. Pale Miembeni alimng'oa kondakta meno mawili. Jumapili anaimba besi kwenye kwaya ya Kilutheri, mchungaji amemwonya mpaka amechoka, na Jumatatu yuko vilevile. Lakini ukiuguliwa, wa kwanza kubeba machela ni yeye. Nampenda, na ananichosha.

Miaka miwili iliyopita mdogo wake, Avit, alikwenda kwenye kibanja cha mama yao, shamba la migomba huko Kamachumu, Muleba, akarudi hana vidole vitatu vya mkono wa kulia. Aliyemkata ni Mujuni, jirani wa mpakani, kwa omuhoro, ule mundu wa kukatia migomba. Mahakama ilimwachia, kwa kuwa mashahidi walisema wale wawili walikuwa wakipigana. Datius akasema mashahidi wamehongwa. Aliushika mkono wa mdogo wake na bandeji zake, akaapa kwamba damu ya Mujuni lazima imwagike. Avit aligeuzia uso ukutani.

Mwaka huu kongamano la wanahistoria na watu wa fasihi likaletwa Bukoba. Mimi nafundisha historia sekondari, nikapewa kamati ya ziara. Siku mbili wageni walisoma mada zao hotelini. Ya tatu ilikuwa ya Muleba: kuona nyumba ya msonge, kuona jinsi wazee walivyochanjiana wakawa ndugu wa damu, kisha chakula cha mchana cha kufahamiana. Datius alirithi maneno ya kiapo kwa babu yake, kwa hiyo nilimchukua yeye. Wa kuigiza naye alikuwa mwalimu mwenzangu, Anatory, na mazoezi tulifanya kwa maji ya nyanya.

Asubuhi ya safari Anatory akaamka na malaria. Na msonge wenyewe, ule pekee uliobaki umesimama vizuri, ni wa Mujuni. Nilikuwa nimemsihi Datius asimwangalie mwenye nyumba, afanye kazi tuondoke. Sasa mabasi mawili yameshashusha wageni, simu zimeinuliwa, mtu wa pili hayupo. Mujuni akanisogelea kwa upole. "Maneno nayajua, Mwalimu Alistidia. Nitakaa mimi, waitu," akamalizia kwa neno letu la heshima. Nikakubali. Nilijiambia ni mchezo tu. Upumbavu huo ni wangu, simsukumii mtu.

Walikaa chini magoti yakigusana, mashati wamevua. Begani mwa Mujuni palikuwa na kovu refu ambalo sikuwahi kulisikia likitajwa. Datius alikitazama kikombe cha nyanya, akakimwaga. Tulikuwa tumeweka nyembe mbili mpya za kuonyesha; akachukua mmoja, akamchana Mujuni pembeni ya kitovu, mchano wa urefu wa kidole, damu ikashuka mpaka kwenye mkanda. Mujuni alikunja uso, hakusogea. Naye akachukua wembe wake, akamchanja Datius kidogo tu. Wageni wakapiga makofi. Profesa mmoja aliniambia uigizaji wao ni wa hali ya juu, nami nilitamani kumzaba kibao.

Tunda la kahawa lina punje mbili ndani ya ganda moja, ndiyo sababu wazee walilichagua. Kila mmoja hupaka punje damu yake, akampa mwenzake aimeze. Kuanzia hapo mkono wa mmoja haumgusi mwingine kwa ubaya, hata akichokozwa, la sivyo punje itamvimbia tumboni. Mujuni alimeza, nikaliona koo lake likipanda na kushuka. Datius alifumba mdomo tu.

Wakati wa chakula wageni walisimama uani na sahani za ndizi na maharage, wakipeana kadi na namba za simu. Mujuni alikuwa akikata majani ya mgomba ya kuandalia. Akamwendea Datius, omuhoro bado mkononi, machozi yakimlenga.

"Munywani wange, rafiki yangu wa damu," alisema, "sasa tumekuwa ndugu, acha nikwambie ya siku ile. Avit..."

Datius akatema punje kutoka chini ya ulimi, akampiga.

Ngumi ya kwanza ilipasua mdomo, ya pili ikafunga jicho. Nilifumba macho nikingoja omuhoro uingie mwilini mwa Datius. Nilipofumbua, Mujuni alikuwa ameutupa kwenye nyasi na mikono ameifunga mgongoni. Datius akampiga mbavuni, akamwangusha, akamkanyaga.

"Inuka. Inuka upigane."

Mujuni alitema jino. "Siwezi. Nimemeza."

Baadhi ya wageni bado walikuwa wakipiga makofi. Damu iliporukia sahani ya mmoja wao ndipo wakaelewa, wakaanza kukimbia. Mimi na dereva wa basi tulimvuta Datius, wala hakuhitaji kuvutwa sana. Akapiga magoti, akaanza kupapasa nyasi akiitafuta ile punje, lakini kuku walikuwa wameshapita hapo.

Mujuni tulimpeleka hospitali, akakataa kushtaki. Nilimrudisha Datius nyumbani mchana uleule. Avit alikuwa nyuma ya nyumba akimenya ndizi kwa vidole vyake viwili.

"Nimekulipia," Datius alisema.

"Alirudisha ngumi?"

"Hapana. Alikuwa na omuhoro, akautupa."

Avit aliweka kisu chini.

"Siku ile wangu sikuutupa," alisema. "Mimi ndiye niliyeanza kumkata, kaka. Begani. Hukuwahi kuniuliza."