Pampu Mbili Zisizosikia

Mama yangu alikuwa na magoti mabovu na kichwa kigumu, na mwaka ule gugu maji lilipofunga ufuo wetu wa Kisumu, vyote viwili vilinipa kazi. Alikuwa amengoja kubatizwa tangu mimi sijazaliwa. Baba hakutaka. Alisema mke wake hatazamishwa majini na mwanamume mwingine, na neno la Baba halikuwa na rufaa. Alipofariki na matanga yakaisha, Mama akajiunga na darasa la ubatizo pamoja na wasichana ambao wangeweza kuwa wajukuu zake. Akasoma, akafuzu, akashona gauni jeupe. Kisha ziwa likafungwa.

Asiyeliona gugu lile miaka ya tisini hawezi kuelewa. Ulisimama ufuoni ukatazama, na badala ya maji ukaona shamba, kijani tupu mpaka macho yanachoka. Mitumbwi ilikwama ndani yake. Kanisa letu linabatiza kwa kuzamisha mwili mzima, na Pastor alipojaribu kutafuta uwazi kule alikobatizia siku zote, nyoka alipita mbele ya miguu yake. Akarudi nchi kavu akapendekeza kwamba safari hii tunyunyize tu. Mama alimjibu mbele ya wazee wa kanisa kuwa kunyunyiza ni kwa mboga za sukuma wiki.

Wakati huo mimi nilikuwa fundi wa umeme katika hoteli moja pale karibu na ziwa. Hoteli ilikuwa na bwawa la kuogelea, na bwawa lilikuwa na ngazi pana na chuma cha kushikilia. Nilimwomba meneja, nikambembeleza, nikamtania, mpaka akatupa Jumapili moja asubuhi. Moja tu, kwa sababu baada ya hapo bwawa lingekaushwa ili vigae vibadilishwe, na kazi za vigae pale hotelini zilikuwa na tabia ya kuanza bila kwisha. Nilimleta Mama aone. Alishika kile chuma, akakitikisa kama anayenunua jembe, akasema, "Hapa naingia na miguu yangu mwenyewe. Sibebwi na mtu."

Wiki hiyohiyo pampu zikanyamaza.

Ni lazima nieleze zile pampu, na mtanisamehe nikionekana nazisifu. Zamani tuliziwasha kwa swichi kubwa ukutani, kama taa. Kisha mwenye hoteli akaleta mtambo kutoka ng'ambo. Nyuma ya meza ya mapokezi, fundi wa Nairobi alijengea ukutani kisanduku chenye kidirisha cha maandishi na vitufe vichache. Ukibonyeza, kisanduku kinatuma amri kupitia waya mwembamba wenye nyuzi nne za rangi, uliofukiwa chini ya nyasi za bustani hadi chumba cha pampu. Huko, sanduku kubwa linasikia amri na kuzipa pampu umeme. Moja ilisukuma maji kwenye chujio, nyingine ilikoroga maji ya upande wa watoto. Swichi za zamani ziling'olewa. Nilikipenda kile kisanduku kuliko inavyofaa kukipenda kitu cha plastiki. Nilikuwa nikipita mapokezi bila sababu ili nikibonyeze tu.

Sasa kidirisha kiliandika maneno mawili ya Kiingereza, kwamba hakuna mawasiliano. Pampu zilikaa kama bibi harusi aliyenuna, na maji ya bwawa yakaanza kupata rangi ya chai ya majani mabichi. Klorini tuliyomwaga ilikaa pale ilipomwagwa.

Meneja alinijia akipepesa macho. "Madam fundi, sitaki direct. Unanisikia? Direct sitaki."

Kupiga direct ni kuunganisha pampu na umeme moja kwa moja, bila mtambo, na hapa Kisumu ndiyo dawa yetu ya kila ugonjwa. Fundi aliyenitangulia alipiga direct, akaenda kula, pampu ikavuta hewa hadi ikaungua, na ndiyo maana mimi nilikuwa na kazi. Nilimwambia meneja amri yake nimeisikia, natamani pampu zingesikia hivyo.

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nikiwa nimepiga magoti mbele ya kisanduku, mgeni mmoja wa hoteli aliinama akaniuliza fundi yuko wapi. Nilimwambia fundi ameingia ukutani, ninamngoja atoke. Lakini ndani yangu, chini ya hasira, kulikuwa na furaha ambayo sikumwambia mtu. Kitu kilikuwa kimefichwa na mimi ndiye niliyetumwa kukitafuta.

Nililiona jambo lenyewe kama ugomvi wa nyumba mbili za jamaa. Unasema ulituma ujumbe, mwenzako anasema hakuupata. Basi ama hukutuma, ama yeye ni kiziwi, ama mjumbe alilewa njiani, huko Nyamasaria, asifike. Nilianza na mtumaji. Nilifungua kisanduku, nikakuta mayai ya mjusi na vumbi, nikasafisha, nikapima. Umeme wake ulikuwa sawa, na kila nilipobonyeza, mshale wa kipimo changu uliruka kidogo. Alikuwa anasema! Nilipiga kofi nikiwa peke yangu, na msichana wa mapokezi akaangusha kalamu.

Nikakimbilia chumba cha pampu. Sanduku kubwa lilikuwa na taa yake ya kijani, likingoja kwa adabu. Nililipa amri ya majaribio kwa kitufe chake cha ndani, kile kinachopima swichi tu bila kuzipa pampu umeme, na swichi zake zikalia vizuri, tak, tak. Hakuwa kiziwi. Basi mkosaji alikuwa mjumbe, yaani waya. Nilisokota nyuzi mbili pamoja upande wa pampu, nikarudi mbio mapokezi kupima upande wa pili. Kama waya ni mzima, umeme wa kipimo ungeenda na kurudi. Mshale ulilala palepale. Nikajaribu nyuzi nyingine mbili. Kimya.

Waya ulikuwa umekatika mahali fulani chini ya bustani nzima. Nilizunguka maduka ya vifaa vya umeme ya mjini kutafuta mwingine, na kila mwenye duka aliniuzia maneno. Waya kama ule ulipatikana Nairobi, labda. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nilirudi nikasimama kwenye nyasi na nikaogopa kwelikweli kwa mara ya kwanza, kwa sababu nilimwona Mama akilini mwangu akipewa matone kichwani na kusema asante huku moyo wake unakataa.

Niliwaita wafanyakazi wote wa nje nikauliza nani ameugusa mtambo. Hakuna. Nani ameuchezea? Hakuna, Madam, sisi tunauogopa huo. Walisema kweli, na mimi niliendelea kuwabana kwa swali lilelile la kijinga. Mwishowe nilichoka, nikakaa kando ya mtunza bustani, mzee mmoja mvuvi wa Usenge aliyeacha ziwa gugu lilipomshinda nguvu. Alikuwa akinyweshea miche mipya ya maua mekundu. Nikamuuliza, ili nisilie tu, maua hayo aliyapanda lini.

"Juzi juzi," akasema. "Hapa udongo ni ngumu, yawa. Jembe ilikata hata ile kamba ya rangi-rangi."

Nilimgeukia polepole. "Kamba gani, Mzee?"

"Hii ya chini. Lakini usijali, nilishafunga." Alisema kwa fahari kabisa. "Hiyo haiwezi toka. Hata ukifunga ng'ombe atavuta, atachoka."

Nilichimba kwa mikono yangu. Naye alinisaidia, akinionya nisiharibu miche. Na hapo, chini ya udongo mweusi, nikaona kazi nzuri kuliko zote nilizopata kuziona zikifanywa vibaya. Uzi mwekundu ulikuwa umefungwa kwenye mwekundu, wa njano kwenye wa njano, wa kijani kwenye wa kijani, mweusi kwenye mweusi, kila mmoja kwa fundo la kushonea wavu, dogo, lililokazwa kwa meno. Hakuna hata uzi mmoja aliokuwa ameumenya. Plastiki ilikumbatia plastiki, na shaba ndani yake haikuwahi kuonana. Kwa mvuvi, kilichounganishwa ni kile kisichoachana kikivutwa. Samaki hawakupita katika mafundo yale, na amri pia haikupita.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tope. Mzee alinitazama kwa wasiwasi, kisha naye akaanza kucheka bila kujua tunacheka nini. Nilimwonyesha shaba ndani ya uzi, nikamweleza kwamba amri husafiri ndani ya hii, na nguo yake ya nje ni koti tu.

"Kwa hivyo mimi nimewasalimianisha na makoti," akasema.

"Umewasalimianisha na makoti, Mzee."

Nilitaka kuyakata yale mafundo. Alinishika mkono. Alisema shaba peke yake, ikisokotwa, itaachana siku mtu mwingine atakapovuta na jembe. Nilibisha, maana kubisha ni ada yangu, kisha nikaona anasema kweli. Kwa bahati alikuwa ameacha mikia mirefu. Tuliyaacha mafundo yabebe mvuto, nami nikamenya mikia, nikasokota shaba kwa shaba, nikayeyushia risasi ya kulehemu, nikavisha tepu nyeusi na kipande cha mpira kuzuia maji.

Kisha nikakimbia. Nilipita katikati ya wageni waliokuwa wakinywa chai, matope mpaka viwikoni. Nilibonyeza. Kidirisha kilifikiri. Kilifikiri tena, na mimi nikawa nakitukana kwa Kiluo, polepole na kwa upendo. Halafu yale maneno mabaya yakafutika, na kutoka ng'ambo ya bustani nikasikia ule mngurumo wa chini, wa kwanza, kisha wa pili, na mzee akipiga kelele, "Zimeamka! Madam, zimeamka zote!" Nilimkumbatia msichana wa mapokezi nikamchafua blauzi. Sijawahi kupata mshahara ulionipa raha ile.

Tuliweka shabu ya kutuliza uchafu, tukaosha chujio mara kwa mara, na pampu hazikupumzika. Kufika Jumamosi jioni uliweza kuona vigae vya chini, na Jumapili asubuhi uliweza kuvihesabu.

Kanisa lilikuja na ngoma na mashemeji wa kila aina. Pastor aliniomba ninyamazishe pampu ili sauti yake isikike, nami nikaenda mapokezi nikabonyeza, zikatii mara moja, nikarudi nikisukuma watu ili nisimame mbele. Wasichana waliingia mmoja mmoja, wakatoka wakitetemeka na kuimba. Mama alikuwa wa mwisho. Alikataa mkono wa shemasi. Alishika chuma, akashuka ngazi kwa ngazi, akikunja uso kwa ajili ya magoti, na gauni likaelea kumzunguka mpaka akalishusha kwa kiganja.

Kanisani kwetu mtu huchagua jina lake mwenyewe la ubatizo na kulitamka akiwa ndani ya maji. Mama alikuwa ameitwa kwa jina la nyumbani kwao kule Katito, kisha kwa jina la mume, kisha kwa majina yetu sisi watoto. Wale wasichana walichukua majina ya wanawake wa Biblia, na nilitarajia naye afanye hivyo. Pastor aliinama kumsikiliza. Akamwuliza tena. Halafu akainua macho akanitafuta mimi kwenye umati.

Mama alirudia kwa sauti, na kila mtu akasikia. Lilikuwa jina langu.

Wanawake wakaguna. Kwetu mtoto hupewa jina la waliotangulia, na hakuna pale aliyewahi kusikia mzazi akichukua la mtoto. Pastor akamwambia kwa upole, "Mama, hilo ni la binti yako."

"Nililichagua mimi, liwe langu la ubatizo, kabla yeye hajazaliwa," Mama akajibu. "Baba yake alinikataza maji, nikampa yeye ili lisipotee. Sasa maji yapo."

Pastor akamshika mgongo, akatamka jina letu, akamzamisha.