Kasiani Meli na Pipa la Chumvi

Kwanza tuelewane: Kasiani Ngonyani hakuwa mwongo wa kila siku. Alidanganya mara moja tu, tena kwa maneno matatu, na maneno hayo matatu yakamlisha miaka minane. Wako watu wanadanganya asubuhi na jioni na bado wanalala na njaa.

Uongo wenyewe aliusema siku alipoteremka stesheni ya Kimamba na manamba wenzake, vibarua wa mkataba kutoka Songea. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha mwaka ule ule, na mashamba ya mkonge ya Kilosa yalikuwa yanatafuta watu kwa udi na uvumba. Karani alikaa mezani anauliza kila mmoja, "Kazi yako?" Mkulima. Mkulima. Mkulima. Na kila aliyesema mkulima alipewa kisu cha kukatia mkonge na kuonyeshwa jua. Kasiani akalitazama jua. Akautazama mkonge, kila jani na mwiba wake nchani kama sindano ya daktari. Zamu yake ilipofika, ulimi ukaponyoka.

"Fundi wa meli."

Karani akatua kalamu. "Meli gani?"

"Kubwa," akasema Kasiani.

Jamani! Maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni mto Ruvuma, tena wakati wa kiangazi. Lakini karani naye alikuwa mtu wa bara, asiyejua meli inaanzia wapi na inaishia wapi, akaandika. Kasiani akapelekwa nyumba ya mitambo, kuitia mafuta injini kubwa ya dizeli iliyozungusha korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge yatoke nyuzi.

Na hapo lazima tumpe haki yake. Alijifunza. Mwaka wa kwanza alitia mafuta, wa pili akafungua nati, wa tano alikuwa anasimama nje ya nyumba akisikiliza mngurumo tu, kisha anasema, "Nozeli ya tatu inakohoa," na kweli inakohoa. Hata fundi mkuu, mzee mmoja Kalasinga mkali kama pilipili kichaa, alikuwa hafungi boliti ya mwisho mpaka Kasiani atikise kichwa kukubali. Watu wakamwita Kasiani Meli. Akapata nyumba ya bati, akapata na mke, Filomena, na binti, Natalia, na kila Jumapili penye pombe alikuwa anasimulia mawimbi marefu kuliko mnara wa kanisa.

Mtu mmoja tu alimpinga, naye ni Lukasi, mkata mkonge, Mhehe wa Iringa. "Huyu hajaiona bahari!" alikuwa akipiga kelele mbele ya watu. "Bahari yake ni mbuga ya Mikumi ikifurika masika! Muulizeni bahari ina rangi gani!" Watu walikuwa wanacheka mpaka wanamwaga pombe, na hakuna aliyeamini hata neno. Kwa nini? Kwa sababu Kasiani ni Mngoni, na Wangoni na Wahehe ni watani, tangu babu zao walipochoka kuuana. Mtani ana ruhusa ya kukuita mwizi, mchawi na fisi, na akikuta kuku wako anamchukua, nawe unacheka. Basi Lukasi alikuwa anasema kweli tupu kila Jumapili, na kweli yake ikawa ndiyo ngao ya Kasiani.

Mambo yakaja kugeuka mwaka wa hamsini na tatu. Meneja wa shamba, Bwana Stavro, alikuwa Mgiriki aliyezaliwa kisiwani. Miaka kumi na miwili Kilosa alikuwa hatazami kitu ila vumbi, milima na mkonge. Mwaka huo uvumilivu ukamwisha. Akamwita seremala, akaunda mashua ya tanga kwa mbao za mvule, pale pale kando ya kamba za kuanikia katani. Mashua nzuri, ndefu, imekaa juu ya magogo, na maji ya karibu ni mto Mkondoa ambao mbuzi anavuka bila kulowa tumbo. Kisha ikaletwa kwa treni kutoka Dar es Salaam injini ndogo ya dizeli, kuukuu, ya kuisukuma mashua upepo ukilala.

"Kasiani," akasema Mgiriki, "wewe mtu wa meli. Injini hii chafu sana. Safisha, tengeneza, funga ndani ya mashua. Jumamosi ya mwisho wa mwezi Bwana DC anakuja, tunaiwasha mbele yake. Kalasinga anarudi kwao. Ikiwaka vizuri, wewe ndiye fundi mkuu. Isipowaka, nitajiuliza hiyo meli yako ilikuwa meli gani, na kisu cha mkonge kipo."

"Itawaka, bwana mkubwa," akajibu Kasiani.

Akaifungua injini yote, kipande kwa kipande, juu ya turubai. Dizeli ni dizeli, akajiambia, iwe baharini iwe Kimamba. Vyuma akaviloweka kwenye mafuta ya taa siku mbili. Kusafisha hakutumia singa za katani kama wenzake, maana unyuzi mmoja ukibaki ndani unaziba njia ya mafuta. Alitumia kitambaa laini, na kitambaa laini kilichokuwapo karibu ni kanga ya Filomena. Tena ile mpya. Filomena alipoiona ina mafuta meusi mpaka kwenye maandishi alikaa siku tatu hasemi naye, ila ugali aliupika, kwa kishindo. Kasiani akasafisha chujio, akabadilisha oili, akaijaribu nozeli mpaka ikanyunyiza mafuta kama ukungu wa asubuhi. Mambo yote sawa sawa.

Ila maji. Injini ya korona ilipozwa kwa maji ya tangi, yanazunguka na kurudi. Hii ya mashua haikuwa na tangi. Ilikuwa na pampu na bomba linaloteremka chini ya mashua kunyonya maji ya bahari yenyewe, yapite ndani, kisha yatemwe nje pamoja na moshi. Na katika njia za maji Kasiani alikuta ukoko mweupe, mgumu. Akaulamba. Chumvi! Akaukwangua wote, akajisifu. Usiku akashtuka kitandani.

"Mama Natalia, amka. Nimeharibu."

"Kanga nyingine?" akauliza Filomena.

"Injini imekunywa chumvi miaka yote, mimi nimeikwangua yote! Chuma kilichozoea chumvi, Jumamosi nikakinyweshe maji baridi ya Kimamba, yasiyo na chumvi? Si kitashtuka kipasuke?"

Wewe msomaji unacheka. Unacheka kwa sababu unajua. Kasiani alikuwa na nani wa kumuuliza? Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini mtu aliyekaa pombeni miaka minane akisimulia bahari ataanzaje kuuliza kama injini ya bahari inatiwa chumvi? Kesho yake akaenda mpaka Magomeni, mjini Kilosa, akarudi na gunia zima la chumvi ya mawe.

Kilichobaki ni kipimo. Walisimama na Filomena mbele ya pipa la maji, Filomena akikoroga kwa mwiko.

"Haya, onja," akasema Filomena. "Wewe si umewahi kuyanywa?"

"Mara nyingi." Akaonja. "Bado kidogo."

Filomena akamimina chumvi tena. Kasiani akaonja. "Bado." Kwa kuwa hakujua, kila mara aliona bado, maana bahari ni kubwa na chumvi yake lazima iwe kubwa. Gunia likaisha. Onjo la mwisho lilimfumba macho yote mawili, akasimama mdomo wazi hawezi kusema.

"Hiyo ndiyo," akanong'ona. "Bahari."

Jumamosi ikafika. DC alikuja na kofia yake, wakata mkonge wakaachiwa mapema waje kutazama, na Lukasi akachukua nafasi ya mbele kabisa. "Leo meli inazama nchi kavu!" akatangaza, watu wakaangua kicheko. Kasiani alikuwa ndani ya mashua. Bomba la pampu aliliingiza kwenye pipa. Akalegeza nati ya mafuta, akapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha, akakaza. Akaomba kwa watakatifu wote aliowajua, akazungusha mkono wa kuwashia mara moja, mara mbili. Injini ikapiga chafya. Ikawaka.

Ikawaka, jamani! Tena ikatulia, tu-tu-tu-tu, haikohoi, haitoi moshi mweusi. Bwana Stavro akazunguka nyuma ya mashua kwa furaha kutazama mahali maji yanapotoka, akainama kama mtu anayemtazama mtoto mchanga, na injini ikamtemea maji usoni.

Mgiriki akalamba midomo. Akasimama. Akalamba tena, polepole. Uso wake ukabadilika, macho yakajaa machozi, na kwa muda hakuna aliyejua kama ni uchungu wa chumvi au ni kisiwa chao alichokumbuka. Nadhani vilikuwa vyote viwili. Kisha akafika kwenye pipa, akachovya kidole.

"Nani ametia chumvi?"

"Mimi, bwana mkubwa," akasema Kasiani. "Ili isishtuke."

"Isishtuke!" Mgiriki akapiga yowe. "Chumvi ndiyo adui! Chumvi inakula chuma! Mtu wa meli anakufa akiosha chumvi, wewe unanunua! Kasiani, umewahi kuiona bahari?"

Watu mia mbili wakasogea kusikiliza. Angeweza kusema mara nyingi. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia. Lakini mdomo wenyewe ulikuwa bado umekaukiwa kwa yale maonjo ya pipani, na miaka minane ni mingi.

"Sijawahi, bwana. Hata kidogo."

Umati ukaangua kicheko. Lukasi peke yake hakucheka. Utani una mipaka yake: siku mtani wako amefikwa na balaa, wewe ndiye wa kumsimamia. Akasogea mbele, akavua kofia.

"Bwana mkubwa, mimi nimesema miaka yote kwamba huyu ni mwongo, na ni mwongo kweli. Lakini sikiliza." Akanyoosha kidole kwenye mashua. Injini ilikuwa bado inaunguruma vile vile, tu-tu-tu-tu. "Bahari haijui. Hiyo anaijua."

Mgiriki akasikiliza kwa muda mrefu, maji ya chumvi yakimdondoka kidevuni.

"Haya," akasema mwishowe. "Kwanza utaifungua yote uioshe kwa maji baridi, kila tundu. Kwa injini, wewe ni fundi mkuu. Kwa uongo, utakata mkonge siku sita, kazi kamili kila siku. Mkonge kwanza, ufundi baadaye. Usipozimaliza, hakuna ufundi."

Jumatatu Kasiani akaingia shambani. Kazi ya siku ilikuwa mafungu sabini, kila fungu majani thelathini, na sheria ilikuwa moja: usipotimiza sabini, siku hiyo haihesabiwi. Siku ya kwanza alimaliza jua linazama, miiba imemchora mikono na masikio. Siku ya pili mkono ulianza kuzoea, akamaliza saa tisa. Lukasi, kwenye mstari wa pili, alikuwa amemaliza saa tano na kukaa akimhesabia kwa sauti.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, korona ikanyamaza. Baada ya nusu saa gari la Bwana Stavro likaja linaruka matuta.

"Kasiani! Injini imekufa, vijana wameshindwa! Panda!"

Kasiani akanyoosha mgongo. "Yamebaki thelathini na moja, bwana."

"Acha!"

"Siku isiyotimia haihesabiwi. Ulisema mwenyewe, siku sita. Nikipanda sasa, ya leo imekufa na ufundi wangu umekufa."

Mgiriki akafungua mdomo amsamehe, akawaona wakata mkonge wote wamesimama, visu mkononi, wanangoja. Akimsamehe mmoja, kesho wote mia mbili watataka msamaha huo. Injini imelala, majani yanakauka, kazi nzima imesimama. Akatukana kwa Kigiriki, akavua koti, akachukua kisu cha Lukasi, akauvamia mkonge.

Jani la kwanza alilikata katikati. La pili lilimchoma paja. La tatu lilimchoma mahali ambapo mtu akichomwa hawezi kukaa, akaruka juu na kisu chake.

Kasiani akamtazama, kwa huruma kabisa, si kwa dharau.

"Bwana mkubwa, wewe umewahi kukata mkonge?"

Mstari wote ukageuka kumtazama. Miaka kumi na miwili alikuwa meneja wa mkonge. Bwana Stavro akaangalia kisu, akaangalia mikono yake.

"Sijawahi," akasema.

Lukasi akaanguka chini akicheka mpaka akasahau kwamba Mgiriki si mtani wake. Kasiani akamshika bwana kiganja, akamwonyesha: ondoa mwiba kwanza, kisha kata chini, karibu na shina, kwa mkono mwepesi. Wakakata pamoja hadi saa saba. Injini iliwaka saa nane, ilikuwa hewa tu imeingia kwenye njia ya mafuta.

Kasiani alizimaliza siku zake sita, akapewa funguo za nyumba ya mitambo. Na Jumatatu iliyofuata karani alibandika tangazo la Bwana Stavro mlangoni mwa ofisi: kazi ya siku imeshuka kutoka mafungu sabini hadi sitini, kwa sababu ya mvua. Mvua yenyewe ilikuwa haijanyesha tangu Mei.