Zumari la Chirau na Picha ya Marehemu

Chirau bin Tsuma alikuwa na mashavu mawili makubwa na wivu mmoja uliokuwa mkubwa zaidi. Mashavu aliyapata kwa kupuliza zumari harusini miaka ishirini, kutoka Gazi mpaka Vanga, na alijua kupuliza bila ya kukata pumzi hata mtu akamaliza sahani nzima ya pilau naye hajashusha zumari kinywani. Wivu aliupata alipomwoa Mwanatumu, mjane wa Waziri, mkwezi wa minazi.

Mwanamume aliye hai ukimwonea wivu una la kufanya. Utamsengenya, utamnunia msikitini, ukizidiwa mtashikana mashati watu wawaamue. Maiti je? Waziri alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, baada ya kuugua miezi saba kitandani, na Mwanatumu ndiye aliyemwuguza, akamkalia eda mpaka siku ya mwisho. Tangu aolewe na Chirau hakuwahi kulitaja jina la marehemu, na kunyamaza huko ndiko kulikomla Chirau. Mchuzi ukizidi chumvi, alijua mke anamkumbuka Waziri. Usipozidi, alijua mchuzi huo ndio alioupenda Waziri. Ilifika hadi akawa haruhusu nazi za pale Msambweni kuingia nyumbani kwake, ati minazi yote Waziri aliikwea, na minazi yenyewe imejaa mpaka inawaangushia watu nazi vichwani!

Basi mwaka wa hamsini na tano likaja gari la sinema ya serikali. Mwenye gari alikuwa kijana wa Mombasa, Abdurahman, mwenye adabu na nywele za kupaka mafuta. Alimkuta Chirau barazani kwake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimeambiwa wewe ndiye mwenye zumari hapa. Mimi picha yangu ni bubu, na sahani zangu za santuri zimevunjika zote kwa mashimo ya njiani. Picha bila ya ngoma watu watasinzia, mzee. Nakuomba unipigie jioni mbili, leo na kesho."

"Picha yenyewe ni ya nini?"

"Ya minazi. Kukwea, kuangua na kukausha mbata. Ilipigwa papa hapa, miaka mitatu sasa."

Mtu mwenye wivu kama wake angeuliza ni nani aliyekwea. Chirau hakuuliza, maana alikwisha kujiona ameketi mbele ya watu wote, na Mwanatumu yupo upande wa wanawake, anamsikia.

Baada ya sala ya isha watu walijaa uwanjani, shuka nyeupe ikatundikwa baina ya miti miwili. Chirau akachagua wimbo wa polepole, ule unaopigwa biarusi akitolewa nyumbani kwa mamake, kwa kuwa wanawake waliupenda. Mwangaza ukapiga shukani, mnazi ukatokea, na chini ya mnazi akasimama Waziri.

Uwanja mzima ulivuta pumzi. "Astaghfirullah," mtu akasema. Waziri akafunga kikoi vizuri, akaanza kukwea. Kwa wimbo ule wa kuagana, mtu aliyekuwa akienda kuangua nazi akaonekana kama anapanda mbinguni na hataki kugeuka nyuma. Wanawake wakaanza kulia, mmoja, kisha wote. Chirau alitaka kunyamaza asiweze, maana amekwisha kuombwa na watu wanamtazama. Akatupa jicho upande wa mikeka ya wanawake, akamwona Mwanatumu ameziba uso kwa leso. Machozi yale aliyatoa yeye Chirau, kwa pumzi yake mwenyewe, yakaenda kwa mume mwingine!

Nyumbani hakula.

"Umelia," akasema.

"Nimelia, mume wangu. Kila mtu amelia."

"Kila mtu hakuolewa naye."

Mwanatumu akamtazama, akachukua sahani, akaifunika kawa. Chirau alilala ameugeukia ukuta. Walisema kweli waliosema kuwa wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda; mashavu yake yenyewe asubuhi yalikuwa yamesinyaa.

Lakini alfajiri ile ile akapata dawa. Kama wimbo mmoja uliweza kumfanya mkwezi kuwa walii, wimbo mwingine utamfanya nini? Akakata ulimi mpya wa zumari, mwembamba, wenye sauti ya kuku aliyekanyagwa. Akaukumbuka wimbo ambao upande wa biarusi huupiga kumkejeli bwana arusi mvivu, ule wa kurukaruka, ambao hata shehe huuma midomo asicheke. Akaujaribu siku kutwa nyuma ya nyumba. Alitaka Waziri achekwe na Msambweni nzima, na Mwanatumu akiwa papo anaona, apate haya ya kumkumbuka tena.

Jioni ya pili watu waliongezeka, wengine wametoka Funzi na Shirazi. Waziri alipotokea, zumari likalia kama kuku. Alipofunga kikoi, Chirau akampigia mlio wa mkogo. Alipoanza kukwea, kila alipoinua makalio, zumari nalo likayainua, na kila nazi iliyoanguka ikaangukia mlio wa ajabu ulioanza juu ukaishia matumboni. Watu walikufa kwa kicheko. Wazee walishikana mabega. "Rudia!" wakapiga kelele, na Abdurahman, huku akifuta machozi ya kicheko, akarudia mara tatu.

Chirau alifurahi furaha ambayo hakuipata hata siku ya ndoa yake. Alimtazama Mwanatumu, akamwona ameinama, leso usoni, mabega yakitikisika. Analia kwa aibu, akajiambia. Akamwonea huruma kidogo, ile huruma ya mshindi, akazidi kupuliza.

Alipofika nyumbani alimkuta amekwisha kupakua. Kichwa cha changu, ambacho Chirau alikipenda kuliko kitu chochote, kilikuwa upande wake wa sinia. Mwanatumu macho yalikuwa mekundu, na mdomo umeshindwa kutulia.

"Mwenyezi Mungu akulipe, mume wangu," akasema. "Sina la kukupa mimi."

"Kwa lipi?"

"Kwa Waziri." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lile katika nyumba ile. "Jana sikumjua. Jana nilimlilia yule mgonjwa wa kitandani, maana huyo ndiye niliyebaki naye. Miaka miwili nikifumba macho namwona anakohoa. Nilikuwa nimemsahau alipokuwa mzima. Nawe leo umempiga kwa zumari vile vile alivyokuwa! Alikuwa mtu wa mzaha, wallahi. Siku ya kwanza kunisemesha alikuwa juu ya mnazi, akanitikisia makalio kama ulivyompigia wewe, mpaka nikamwaga mtungi wa maji njiani. Ulijuaje?"

Chirau akalirudisha tonge siniani.

"Na lile gari litarudi lini?" mke akauliza.

"Halirudi. Linakwenda Shimoni, kisha Mombasa."

Mwanatumu akainuka, akaliteremsha zumari msumarini, akalifuta kwa ncha ya leso yake, akamwekea mumewe mapajani.

"Basi nipigie wewe. Kidogo tu, pale anapofika juu."

Angeweza kukataa. Angeweza kusema amechoka, na mke asingelalamika, hakuwa na tabia hiyo. Lakini tangu amwoe hakuwahi kumwona na uso ule, na alitaka autazame zaidi, hata kama haukuwa kwa ajili yake. Akajaza mashavu.

Mwanatumu akauelekea ukuta wa udongo, usiokuwa na shuka wala mwangaza ila wa kibatari, akakunja miguu na kuutazama. Zumari lilipofika mahali pa nazi ya kwanza, akacheka.